Filamu za kutisha na mgonjwa wa akili: Nani hasa wa kuogopwa?

NINAPOFUNDISHA vijana wa Kiislamu hapa Nyangoto, wilayani Tarime, huwa sichagui maswali. La swala nalijibu, la ndoa nalijibu, na la sinema nalijibu pia, kwa sababu kijana anayekaa saa moja darasani na saa tatu kwenye kibanda umiza anafundishwa na walimu wawili. Mwalimu wa pili hana mtaala, hana mkaguzi, na wala hachoki. Anayesema kuwa mambo ya filamu hayamhusu mwalimu wa dini amemwachia huyo wa pili darasa zima.

Swali lililonifanya niandike makala hii liliulizwa na kijana wa kidato cha tatu, baada ya yeye na wenzake kuangalia filamu ya kutisha ya Kimarekani iitwayo "Us", yaani "Sisi". Aliuliza: "Ustaadh, yule mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza ana majini au ni kichaa?" Wenzake wakacheka. Kisha mmoja akamtaja mama mmoja mgonjwa anayezunguka hapa sokoni, akasema naye sauti yake ni ile ile. Hapo niliona kuwa jambo hili si la kuchekwa. Picha imetengenezwa Marekani, imeangaliwa Nyangoto, na hukumu imemwangukia mama mgonjwa ambaye hata hiyo picha hajaiona.

Ndugu msomaji, makala hii haitoi fatwa juu ya kuangalia filamu. Hilo lina mahali pake na wenyewe. Ukweli ni kuwa filamu zinaangaliwa, mijini na vijijini, kwenye vibanda na kwenye simu za mkononi, na watoto wetu wamo. Ninachotaka tukitazame ni namna filamu za kutisha zinavyomuonyesha mtu mgonjwa wa akili na mtu asiyefanana nasi, na nini hutokea pale picha ile inapotoka kibandani na kuingia mtaani.

Filamu yenyewe

"Us" ilitoka Machi 2019, ikiandikwa na kuongozwa na Jordan Peele, Mmarekani mweusi. Mhusika mkuu ni Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico mwaka 1983, binti wa mwanasiasa Profesa Anyang' Nyong'o wa Kisumu. Kwetu sisi wa Tarime huyu ni mtu wa jirani kabisa, maana Wajaluo wako pande zote mbili za mpaka. Aliyeigiza kama mumewe ni Winston Duke, mzaliwa wa Trinidad na Tobago.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1986 mtoto wa kike, Adelaide, anapotea katika viwanja vya starehe vya ufukweni huko Santa Cruz, California. Anaingia katika nyumba ya vioo, na humo anakutana na mtoto anayefanana naye kwa kila kitu. Akirudi kwa wazazi wake hasemi neno. Wanampeleka kwa daktari wa akili, naye anawaambia kuwa mtoto amepatwa na kiwewe. Miaka inapita, Adelaide anakuwa mama wa watoto wawili, na siku familia inapokwenda likizo mahali pale pale, usiku wanavamiwa na watu wanne wenye nguo nyekundu na mikasi mikononi. Watu hao ni wao wenyewe: baba wa pili, mama wa pili, watoto wa pili. Wametoka katika mahandaki ya chini ya ardhi walikotelekezwa. Kati yao anayeweza kuzungumza ni mmoja tu, yule mama wa pili, aitwaye Red, na sauti yake ni ya kukwama, inayotoka kama pumzi iliyokabwa. Lupita ndiye aliyewaigiza wote wawili, Adelaide na Red.

Kwa upande mmoja filamu hii ni hatua. Kwa miaka mingi katika filamu za kutisha za Marekani mtu mweusi alikuwa wa pembeni: rafiki wa mhusika mkuu, mlinzi, au yule wa kufa mapema. Hapa familia nzima ya watu weusi, baba, mama na watoto, ndiyo iliyobeba kisa. Hawako pale kueleza shida za weusi wala kuwachekesha weupe. Ni familia tu, ina gari, ina likizo, ina utani wa baba usiochekesha. Watazamaji wa dunia nzima waliogopa pamoja nao na kuwaombea salama. Hilo si dogo.

Sauti ya mgonjwa

Lakini filamu ilipotoka, kuna watu waliolia. Lupita alieleza katika mahojiano kuwa alipoitafuta sauti ya Red alichukua mfano wa maradhi yaitwayo kitaalamu spasmodiki disfonia. Haya ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Misuli ya kisanduku cha sauti hukakamaa yenyewe, na maneno yakatoka kwa kukatikakatika au kwa kukabwa. Mgonjwa wa maradhi haya ana akili timamu. Ni mwalimu, karani, mfanyabiashara, mzazi. Kinachomsumbua ni koo.

Chama cha wagonjwa wa maradhi hayo nchini Marekani kikalalamika, na shirika la RespectAbility, linalotetea watu wenye ulemavu, nalo likalalamika. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu mwenye sauti ile tayari hukatiwa simu na watu wanaodhani analia au amelewa. Sasa amepewa na jina la jitu. Lupita alilijibu jambo hili kwenye televisheni mwaka ule ule wa 2019. Alisema sauti ile aliitunga kwa kuchanganya vyanzo mbalimbali, kwamba hakukusudia kumfanya mgonjwa yeyote aonekane jitu, na akaomba radhi. Huo ni uungwana, na tunampa haki yake.

Tuzingatie lakini kilichotokea. Filamu iliyosifiwa kwa kumtoa mtu mweusi pembeni na kumweka katikati ilihitaji kitu cha kutisha, na kitu hicho ikakichota kwa mgonjwa. Mlango uliofunguliwa kwa aliyetengwa mmoja ulifungwa usoni mwa aliyetengwa mwingine. Tena waliohusika si watu wabaya, ni watu wenye nia njema na akili nyingi. Kama imewatokea hao, itakuwaje kwa mtengeneza filamu asiyejali?

Na hao wasiojali ni wengi. Tangu "Psycho" ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 hadi "Split" ya mwaka 2016, kanuni imekuwa ile ile: ukitaka muuaji asiyehitaji kuelezwa sababu, mpe ugonjwa wa akili. Muuaji mwenye akili timamu anahitaji sababu, kama vile mali, kisasi au wivu. Muuaji "kichaa" hahitaji. Ukichaa wenyewe ndiyo sababu. Hii ni njia ya mkato kwa mwandishi, lakini anayelipa ni mgonjwa. Wataalamu wa afya ya akili wameeleza mara nyingi kuwa wagonjwa walio wengi hawana ukatili wowote, na kwamba mgonjwa wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhuriwa kuliko kudhuru. Kwenye filamu mambo yamepinduliwa.

Kwa uadilifu niongeze jambo moja kuhusu "Us". Mwishoni inabainika kuwa Red ndiye Adelaide wa kweli. Alikabwa koo utotoni na yule pacha wake wa kizani, akafungiwa chini, na yule pacha akapanda juu kuishi maisha yake. Sauti ile ya kutisha ni jeraha la mtoto aliyedhulumiwa. Kwa hiyo filamu yenyewe, ukiiangalia hadi mwisho na kwa utulivu, inakwambia kuwa uliyemwogopa ndiye aliyeonewa. Nilipowaeleza vijana wangu hivyo walinyamaza. Hawakuwa wamelishika hilo. Kibanda kina kelele, mfasiri anasimulia juu ya sauti za wahusika na kutia vichekesho vyake, na wengine hutoka kabla ya mwisho. Kilichobaki vichwani mwao ni sauti na mikasi.

Nani humwita nani kichaa?

Filamu ya kwanza ya Jordan Peele, "Get Out" ya mwaka 2017, inatupa upande wa pili wa jambo hili. Aliyeibeba ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Humo kijana mweusi anakwenda kuwasalimia wazazi wa mchumba wake mweupe, na mama wa mchumba, ambaye ni daktari wa akili, anamlaza akili kwa mlio wa kijiko ndani ya kikombe cha chai. Humo mgonjwa hatishi. Anayetisha ni tabibu.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani hayo ni mambo ya kutungwa tu. Hapo Nairobi ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mzima, asiye na ugonjwa wowote, na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ikamtumia kuwaeleza Mau Mau, na vita ya watu kudai ardhi yao vikaandikwa kama tatizo la nafsi zilizovurugika. Kwa maneno mengine, badala ya kuulizwa kwa nini ardhi imechukuliwa, wenye ardhi walipimwa akili.

Waislamu tunaijua silaha hii kwa muda mrefu zaidi. Makuraishi waliposhindwa kuijibu hoja ya Mtume (saw) walimwita majnuun, na Allah (sw) akalikanusha hilo mwanzoni mwa Suratul Qalam. Neno lenyewe majnuun lina uhusiano na neno jini. Ni sisi basi tuliopaswa kuwa wa kwanza kujihadhari na ulimi mwepesi wa kusema "huyu kichaa" na "huyu ana jini", maana Mtume wetu alitukanwa kwa neno hilo hilo.

Zanzibar mwaka 1995

Kuna atakayesema: hizi ni filamu tu, mtu anaangalia, anaogopa, anakwenda kulala. Na tukumbuke Zanzibar mwaka 1995.

Mwaka huo ilizuka hofu ya popobawa, kwanza Pemba kisha Unguja. Watu walisema kuna kiumbe kinachowavamia usiku majumbani. Familia zikawa zinakesha nje zikiwa zimewasha moto, watu hawalali ndani. Katika hofu ile, katika mji wa Zanzibar, mtu mmoja mgeni alionekana ana mwenendo usioeleweka. Umati ukamdhania kuwa ndiye popobawa, ukamuua. Baadaye ilibainika kuwa alikuwa mgonjwa wa akili aliyevuka kutoka bara kwenda Zanzibar kutafuta matibabu.

Msomaji, soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Alikwenda kutafuta matibabu. Hakukuwa na jitu lolote usiku ule, palikuwa na mgonjwa na umati uliokwisha kuwa na picha ya jitu kichwani. Alikuwa mgeni, alikuwa anazungumza na kutembea tofauti na wengine, na hayo mawili yakatosha. Hapa mambo mawili tunayoyazungumza, ugeni na ugonjwa, yalikutana katika mwili wa mtu mmoja.

Filamu haikuleta hofu ya mwaka 1995. Lakini filamu zetu za kutisha zilipokuja zilichota maji katika kisima hicho hicho. Miaka ya mwanzo ya 2000 Mussa Banzi alitoa "Nsyuka" na kisha "Shumileta", na kanda za Nollywood za wachawi na mizimu zikajaa madukani. Sisemi kuwa zote ni mbaya, wala sisemi kuwa wasanii wetu hawana haki ya kusimulia hadithi za kwetu. Ninachosema ni kuwa katika filamu nyingi za aina hii mtu akianza kuzungumza peke yake, akidondoka na kutoa povu, au akikaa kimya siku tatu, mtazamaji anajua kinachofuata: mganga au mchungaji ataingia, pepo litatoka, na mwenye kulituma atatajwa. Mara nyingi anayetajwa ni mwanamke mzee. Na katika Kanda ya Ziwa sote tunajua vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Hospitali haimo katika filamu hizo. Ikiwemo, inaonyeshwa kushindwa ili mganga apate sifa.

Nyangoto na filamu isiyochezwa

Turudi hapa nilipo. Nyangoto iko katika eneo la Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Dhahabu imeleta watu wa kila kabila: Wakurya wa koo mbalimbali, Wajaluo kutoka Rorya, Wajita, Wasukuma, Wahaya, Wachaga. Msikitini swafu moja inaweza kuwa na makabila sita. Sote tunajua filamu za mjini zinavyotuonyesha watu wa huku. Mkurya ni mtu wa panga na hasira, hana huzuni, hana woga, haugui. Mkurya akikasirika kwenye filamu, mtazamaji anacheka, "ndivyo walivyo". Huo ni ufupisho ule ule wa "kichaa". Kabila limekuwa ndiyo sababu, na mtu hahitaji kuelezwa.

Lakini mwalimu anayekaa na watoto hawa anaona mengine. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi pale kundi kubwa lilipoingia mgodini kutafuta mawe ya dhahabu. Mbali na tukio hilo yapo mengine mengi, ya wachimbaji kufukiwa na udongo, ya koo kupigana. Mtoto aliyeona maiti ya baba yake au kaka yake, kisha akaacha kuzungumza, akaanza kukojoa kitandani, akashtuka kwa kila mlango unaogongwa, huyo ndiye Adelaide wa kweli. Tofauti ni kuwa Adelaide wa filamu alipelekwa kwa daktari, na wa kwetu anaambiwa amerogwa au anachapwa kwa ukaidi.

Liko na jambo la zebaki. Mchimbaji mdogo anachanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwenye karasha ili inase dhahabu, kisha anaichoma, zebaki inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki. Wengine huchoma nyumbani, jiko hilo hilo, watoto wakiwa karibu. Mvuke huo ukivutwa mara kwa mara huathiri ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, usingizi huondoka, kumbukumbu hupungua, na mtu mpole huweza kuwa mkali au mwenye kujificha na watu. Sasa fikiria kijana wa namna hii, katika mtaa ambao kila wiki unaangalia filamu ya mtu anayetetemeka kwa sababu ya jini. Watamfunga kamba kabla ya kumuuliza kazi anayofanya.

Na wagonjwa si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili, jumla yao watu milioni 970. Mengi katika matatizo hayo ni sonona na wasiwasi uliopita kiasi, wala si uchizi wa kuokota makopo. Ukiwa katika swafu ya watu kumi na sita, kwa hesabu hiyo wawili ni miongoni mwao, na huenda hawajamwambia mtu yeyote kwa kuogopa kuitwa "wa Mirembe". Tumeifanya Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyojengwa kwa ajili ya kutibu watu, kuwa tusi. Kisha tunashangaa watu hawaendi hospitali.

Dini imesemaje?

Ipo hadithi katika vitabu vya Bukhari na Muslim inayofaa kuwekwa mbele ya kila mtengeneza filamu. Ibn Abbas (ra) alimwonyesha mwanafunzi wake, Ataa bin Abi Rabah, mwanamke mweusi, akamwambia kuwa huyo ni mtu wa Peponi. Mwanamke yule alikuwa na maradhi ya kuanguka, na akianguka nguo zilimfunuka. Alimwendea Mtume (saw) amwombee dua. Mtume akamhiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asifunuliwe mwili anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo.

Tuitazame vizuri. Mtu huyu ni mweusi, ni mwanamke, ni mgonjwa wa kuanguka. Katika filamu angekuwa nani? Katika masimulizi ya masahaba ni mtu anayeonyeshwa kwa kidole cha heshima. Hakufukuzwa, hakufungwa, hakuogopwa. Aliulizwa yeye mwenyewe anataka nini, akajibu, na jibu lake likafuatwa. Na shida aliyoitaja ya kwanza kuondolewa ilikuwa fedheha ya kufunuliwa mbele za watu. Fedheha hiyo ndiyo ambayo siku hizi kijana mwenye simu anaipiga picha na kuisambaza mtu akianguka kifafa stendi.

Sheria yetu nayo iko wazi. Mtume (saw) amefundisha kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie. Ambaye Allah hamwandikii dhambi, sisi tunamwandikia uchawi? Katika Suratun Nisaa aya ya 5, pale inapozungumzwa mali ya wasioweza kuisimamia, tumeamrishwa tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa maneno mema. Na Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 13, imekataza kudharauliana na ikaeleza kuwa tofauti zetu za mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana.

Waislamu waliotangulia waliyafanyia kazi hayo. Mji wa Aleppo, Syria, una hospitali iliyojengwa mwaka 1354 na gavana Arghun, ambako wagonjwa wa akili waliwekwa kuzunguka nyua zenye mwanga na maji yanayotiririka, kwa sababu matabibu walijua kuwa utulivu ni sehemu ya dawa. Kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi, akieleza huzuni, hofu na wasiwasi kama mambo yenye tiba. Hawa walikuwa Waislamu wanaoamini majini kama tunavyoamini sisi. Imani hiyo haikuwazuia kujenga hospitali.

Naligusia hili la majini kwa makusudi, maana ndipo wengi tunapokwama. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu, na kisomo cha Qur'an ni rehema. Lakini kuamini kuwa majini yapo ni jambo moja, na kudai kuwa jini limo ndani ya mtu fulani, kwa jina na anwani, ni jambo jingine linalohitaji elimu na uchaji. Mgonjwa wa kifafa asomewe na anywe dawa zake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Msomaji kisomo anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali amebeba dhamana asiyoiweza mbele ya Allah.

Tufanye nini?

Kwa wazazi na walimu, nashauri kijana akitoka kuangalia filamu ya kutisha aulizwe mambo machache. Uliyemwogopa alifanya nini kibaya, au ulimwogopa kwa sauti, uso na mwendo wake tu? Amepewa nafasi ya kueleza yaliyompata? Na je, hapa mtaani kuna mtu anayefanana naye, na filamu ile imekufanya umsogelee au umkimbie? Kijana akijizoeza maswali haya, filamu haitamtawala hata akiiangalia.

Kwa wasanii wetu, wakiwemo vijana wa Kiislamu wanaotengeneza filamu mijini: kisa cha Lupita kina funzo. Ukitaka kuigiza mgonjwa, kaa kwanza na wagonjwa na familia zao, uwaonyeshe ulichoandika kabla hakijatoka. Hofu ya kweli haihitaji kuazimwa kwa mgonjwa. Yapo ya kutisha mengi katika dhulma, tamaa na uongo wa watu wenye akili timamu.

Kwa maimamu, khutba moja kwa mwaka juu ya maradhi ya akili si nyingi. Mtu ajue kuwa Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, kwamba mgonjwa ana haki zake, na kwamba kumfunga mtu kamba chumbani si tiba. Ajue kuwa anaweza kuanzia hospitali ya wilaya, na kwamba Bugando pale Mwanza ipo idara ya magonjwa ya akili. Nauli ya kumpeleka mgonjwa Mwanza, na ya kumrudisha kuchukua dawa kila anapotakiwa, ni sadaka inayofaa kuchangiwa msikitini kama tunavyochangia sanda.

Na kwa vijana wangu wa Nyangoto, yule mama wa sokoni ana jina, ana watoto, na kabla hajaugua alikuwa anauza dagaa pale pale mnapomcheka. Mkimpita mwanzeni kwa salamu. Ni haki yake kwenu kama ilivyo ya Muislamu mwingine yeyote.

Wallahu a'alam.